Giligilani inachanua mapema, rosmari inakufa masika: bustani ya viungo Tanga mjini

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimekulia Lushoto, na kwetu viungo na majani ya dawa tulikuwa tunachuma nyuma ya jiko. Sasa nimehamia Tanga mjini, maeneo ya Raskazone, na nina ua mdogo. Giligilani naisia, inaota vizuri, lakini kabla sijachuma mara mbili imeshatoa maua. Rosmari niliyoitoa nyumbani ilistawi kaskazi yote, masika ilipokolea ikakauka ingawa nilizidi kuimwagilia. Thaimu ndiyo haikufika popote. Naweka samadi na majivu kama nilivyofundishwa, lakini nanaa inazidi kuwa ya manjano. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Majirani wengine wanasema ni kijicho, wengine wanasema sina mkono wa kupanda, na kuna anayenishauri ninunue lori la udongo mwekundu. Jingine ni mama yangu, tunaye hapa nyumbani. Ana kisukari na anameza vidonge. Uani kuna mwarobaini. Naweza kumchemshia majani yake kila asubuhi? Na bustani yenyewe, niendelee nayo au niache?"

Endelea nayo, dada yangu. Mkono wako hauna kasoro, na katika yote uliyoyaeleza sioni mahali ambapo kijicho kinahitajika ili kueleza kilichotokea. Umeteremka na ujuzi wa milimani ukautumia pwani kama ulivyo. Karibu kila ulichofanya kingekuwa sahihi Lushoto. Hapa baadhi yake kinaumiza mimea, na kadiri unavyokifanya kwa bidii ndivyo unavyoiumiza zaidi.

Lushoto mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Wewe sasa uko ufukoni. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la mchana Tanga hufika nyuzi 32 na kupita, na usiku haupoi kiasi cha kuupa mmea nafasi ya kupumzika. Ongeza unyevu wa bahari hewani, udongo ambao kwenye ufuko huu mara nyingi umetokana na mawe ya matumbawe, na kisima chenye chumvi. Hayo ni mambo manne, na kila mmea wako umeangushwa na jambo lake.

Nianze na giligilani. Huu ni mmea wa msimu mmoja: unaota, unazaa mbegu, unakufa. Unachosubiri ni dalili kwamba wakati wa kuzaa umefika, na dalili hizo ni siku kuwa ndefu, joto, na kiu. Katika nchi za mbali na Ikweta urefu wa siku una uzito mkubwa, ila Tanga iko nyuzi 5 tu kusini, na siku yetu ndefu haipishani na siku yetu fupi hata kwa saa nzima. Kwa hiyo kinachokuharibia ni joto, hasa la udongo unaozunguka mzizi, pamoja na kiu ya mchana hata kama jioni unamwagilia. Shina likisharefuka, na majani mapya yakatoka membamba yaliyochanikachanika, uamuzi umeshapitishwa. Wapo wanaokata kichwa cha ua wakidhani majani mapana yatarudi. Utapata siku chache, basi.

Unaloweza kulibadilisha ni wakati, kivuli na jinsi ya kusia. Wakati wa kuipa giligilani nafasi yake hapa ni kipupwe, kuanzia mvua kubwa za masika zinapopungua mwishoni mwa Mei hadi Agosti. Sia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, badala ya kutandaza mbegu zote siku moja. Sehemu nzuri ni upande wa mashariki wa nyumba, penye jua la asubuhi hadi saa tano hivi, halafu nyumba yenyewe ikingie. Ukuta wa tofali unaotazama magharibi uuogope. Unahifadhi joto la alasiri na kulitoa usiku. Pasipo kivuli, inua kichanja kwa miti minne na makuti yaliyotandazwa kwa nafasi, ili mwanga upite vipande vipande, na weka matandazo ya nyasi kavu juu ya udongo.

Mbegu zenyewe, ile punje ya mviringo unayoinunua ndani yake mna mbegu mbili. Ziweke kwenye kitambaa, pitisha juu yake kijiti cha kusukumia chapati bila kukandamiza sana, mpaka usikie zinapasuka na uone zimegawanyika vipande viwili bila kusagika. Loweka usiku mmoja, sia asubuhi palepale zitakapoishi. Usizioteshe kwenye kitalu ukazihamisha: giligilani ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na ukiukata au kuukunja mmea hupata mshtuko na kukimbilia maua. Zitatokeza kati ya wiki moja na mbili. Anza kuchuma zikiwa na wiki nne hadi sita, majani ya nje kwanza. Kaskazi nayo unaweza kusia, mradi ukubali kung'oa miche ikiwa bado michanga na kuila yote, usiisubiri inenepe.

Jambo moja ambalo wakulima wengi wa bustani hulikosea ni mbegu za msimu unaofuata. Watu huhifadhi mbegu za mche uliochanua kwanza kwa sababu ndio uliokomaa kwanza. Ukifanya hivyo mwaka hadi mwaka unajichagulia ukoo wa giligilani wenye haraka. Za mwanzo zipeleke kwenye pilau. Za kupanda chukua kwenye mche uliochelewa kuliko yote.

Sasa majivu, maana hapa ndipo penye kisa cha nanaa yako ya manjano. Udongo wa Usambara umeoshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika na una tindikali. Majivu yanaipunguza, na mimea inashukuru. Aliyekufundisha alikufundisha vizuri kwa shamba lile. Udongo wa matumbawe una chokaa tayari. Ukiongeza majivu unausukuma zaidi upande uleule ambao tayari umezidi, na madini ya chuma yaliyomo udongoni yanafungika katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyanyonya. Chuma kipo, lakini mmea haukipati, na bila chuma jani haliwezi kutengeneza rangi yake ya kijani. Liangalie jani la nanaa lililo jipya kabisa, la nchani. Kama mishipa imebaki ya kijani na nyama iliyo katikati ndiyo ya manjano, ni ukosefu wa chuma. Kama ni majani ya chini, ya zamani, yanayogeuka manjano yote kwa pamoja, huo ni upungufu wa naitrojeni, na hapo ndipo samadi inaposaidia.

Kuna kipimo cha jikoni. Chimba kina cha shubiri moja mahali ambapo hujawahi kuweka majivu, chukua udongo, ukaushe, kisha udondoshee siki. Ukitoa povu na kuchemka, chokaa ipo kwa wingi. Ukinyamaza kabisa, niambie, kwa sababu itabidi tutafute sababu nyingine.

Kwa vyovyote acha majivu kuanzia leo. Weka mboji iliyooza sawasawa, yenye rangi nyeusi na harufu ya udongo wa msituni, ndoo moja kwa kila mita moja ya mraba kabla ya kupanda. Mboji inapooza inatoa asidi hafifu zinazosaidia kuachilia chuma, na inashika maji kwenye mchanga. Samadi mbichi, hasa ya kuku, iweke mbali, kwani ina chumvi zake, na wewe chumvi unayo ya kutosha kisimani.

Chumvi hudhuru kwa njia ambayo macho hayaioni haraka. Mzizi hunywa maji kwa sababu ndani yake mna chumvichumvi nyingi kuliko nje. Nje zikizidi, maji yanagoma kuingia, na mmea unakaa na kiu katikati ya udongo uliolowa. Dalili yake ni ncha na kingo za majani kuungua rangi ya kahawia, na ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu. Kunyunyizia kidogo kila jioni kunaongeza tatizo, kwani maji yanapanda hewani na chumvi inabaki. Mwagilia kwa wingi mara chache, maji yashuke chini ya mizizi na kuisukuma chumvi. Na masika usiyaache maji ya bati yapotee: kinga, jaza pipa au tangi, na uyatumie kwanza kwa giligilani na nanaa, ambazo ndizo dhaifu mbele ya chumvi. Mshubiri na mchaichai waachie kisima.

Rosmari yako haikufa kwa kukosa maji, ingawa ilionekana hivyo. Imekufa kwa kuzama. Asili yake ni pwani za Bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe ya chokaa, kwa hiyo matumbawe yetu haiyaogopi, wala upepo wa bahari. Kule mvua inanyesha majira ya baridi, na joto linapokuja ardhi imekauka. Hapa masika inaleta maji na joto kwa pamoja. Mizizi hupumua, na kwenye udongo wenye joto hupumua haraka zaidi, huku maji ya vuguvugu yakibeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Mzizi ukikosa hewa unadhoofika, na vimelea vya kuoza, ambavyo hupenda maji yaliyotuama, vinauvamia. Mzizi uliooza haunyonyi kitu, majani yanakauka, mwenye bustani anaona ukavu na kuongeza ndoo nyingine.

Kama kisiki bado kipo, kichimbue uone mwenyewe. Mzizi hai ni mgumu, na ukiukwaruza ndani ni mweupe. Uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole viwili ganda lake linavuka, unabaki na uzi mkononi.

Kama unaipenda rosmari, na naona unaipenda, iweke kwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye matundu chini. Changanya mchanga wa mtoni sehemu mbili, kokoto ndogo sehemu moja na mboji sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Masika chungu kikae chini ya ukingo wa paa, mahali jua linapofika lakini mvua haipigi, na usimwagilie mpaka uchomeke kidole hadi kiungo cha pili na ukute pamekauka. Punguza matawi ya katikati ili upepo upite. Na kila kipupwe kata vipandikizi vichache vya urefu wa kidole, toa majani ya chini, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vinavyokubali vitakuwa na mizizi. Hiyo ndiyo akiba yako mche mama ukikushinda.

Thaimu ninakushauri uiache. Inaweza kuishi hapa kwa matunzo ya namna hiyohiyo, lakini itakusumbua mwaka mzima kwa vijiti vichache, na kuna njia ya busara zaidi. Thaimu na rosmari zikikaushwa zinabaki na harufu yake, kwa hiyo agiza kwenu Lushoto kifurushi kikavu kila baada ya miezi kadhaa. Ardhi yako ndogo itumie kwa majani yasiyokauka vizuri na yanayopaswa kuingia chunguni siku hiyohiyo: giligilani, nanaa, mrehani.

Mrehani ndio mmea wa pwani hii hasa. Haukuja kuvumilia joto, unalipenda. Mbegu zake ni ndogo sana, zitandaze juu ya udongo laini na kuzifunika kidogo tu, zitaota ndani ya siku tano hadi kumi. Kata ncha mche ukiwa na jozi tatu au nne za majani, nao utatoa matawi mawili badala ya moja. Kama unautaka kwa vikuba, acha mche mmoja au miwili itoe maua. Iliyobaki uendelee kuikata, kwa sababu ikishazaa majani hupungua na kuwa magumu. Kivumbasi kitaota hata usipokibembeleza. Mchaichai gawa kisiki, punguza majani, panda kwa nafasi ya hatua moja, na uuweke kwenye ukingo unaomomonyoka. Nanaa ipe ndoo iliyotobolewa na kivuli cha mchana, la sivyo itatambaa bustani nzima. Tangawizi na manjano yapande kwenye matuta yenye mboji mvua za masika zinapoanza, uyavune baada ya miezi minane hadi kumi majani yakikauka. Mlonge mmoja pembeni, ukatwe kila mara usipande juu, utakupa mboga ya majani mwaka mzima. Iliki usihangaike nayo Raskazone. Hiyo ni ya kivuli na ubaridi wa Amani, kule milima ya Usambara Mashariki. Huko Amani Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902 wakaleta miti na mimea kutoka pande nyingi za dunia waone ipi itakubali. Mingine ilikubali, mingine haikukubali, pamoja na wataalamu wote hao. Usijilaumu kwa thaimu.

Neno moja kuhusu harufu, maana ndiyo tunayoifuata kwenye viungo vyote hivi. Harufu ni mafuta ambayo mmea unayahifadhi kwenye vitezi vidogo vya jani. Mmea uliolishwa samadi nyingi na kunyweshwa kupita kiasi unatoa majani makubwa, laini, yenye harufu hafifu. Chuma asubuhi umande ukikauka, kabla jua halijawa kali, na ukitaka kukausha kausha kivulini penye upepo. Juani mafuta yanapaa.

Sasa mama, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mimi ni mtu wa mimea, si daktari, lakini mimea ninaijua vya kutosha kukuambia usimchemshie mwarobaini kila asubuhi. Watu husema ni majani tu, hayana madhara. Majani haya yana nguvu, na ndiyo maana yanaogopesha. Yana uwezo wa kushusha sukari, na baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, vinafanya kazi kwa kulisukuma kongosho litoe insulini. Ukiunganisha viwili hivyo sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho la ghafla, kutetemeka, kuongea asichokielewa, hatimaye kuzimia. Kwa mtu mzima ni hatari kubwa kuliko sukari kuwa juu kidogo kwa siku moja. Kidonge kina kipimo kilekile kila siku. Jani la mwarobaini hubadilika kwa umri wa mti, msimu na udongo, na kikombe cha leo si cha kesho.

Kama ameshaanza kunywa, usimfokee na usimfiche daktari. Nenda naye kliniki anayohudhuria, beba na majani yenyewe, mwambie mnayempata huko anakunywa nini na kiasi gani. Vidonge asiache wala kupunguza kwa uamuzi wa nyumbani. Dalili nilizotaja zikitokea akiwa anajitambua na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au glasi ya juisi, kisha hospitali; akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize moja kwa moja. Mwarobaini wa kunywa usimpe mjamzito, na mafuta yake usimnyweshe mtoto mdogo kamwe. Na ule utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda la mshubiri, tofauti na ute mweupe wa ndani unaopakwa kwenye ngozi, unaharisha vibaya. Usichanganywe kwenye vinywaji vya afya.

Kama mama ana imani na tiba asili, ni haki yake. Waganga na dawa zao husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Muulizeni mganga usajili wake, na daktari ajue. Chai ya mchaichai isiyo na sukari, giligilani kwenye kachumbari, mrehani kwenye mchuzi, hivyo kwa kiasi cha chakula cha kawaida mpe kwa furaha.

Mwarobaini wenyewe usiukate, una kazi bustanini. Mbegu zake zilizokaushwa kivulini, toa ganda, twanga gramu 50, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo. Nyunyizia jioni, kwa kuwa jua huivunja dawa hiyo haraka, upande wa chini wa majani ambako vidukari na inzi weupe hujificha. Acha siku kadhaa kabla ya kuchuma na uoshe majani vizuri.

Lori la udongo mwekundu usinunue bado. Hujui umetoka wapi wala una nini, na kisima kilekile kitaufikisha ulipo huu wa sasa. Kwanza pima. Mkoa wetu una bahati ya kuwa na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Mlingano, wilayani Muheza, ambacho udongo ndio kazi yake. Chimba mahali patano tofauti uani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, chukua kama kilo moja kwenye mfuko safi wenye jina lako na tarehe. Maji ya kisima jaza chupa ya lita moja iliyosuuzwa kwa maji hayohayo. Kabla ya safari zungumza na afisa ugani wa kata yako akuulizie gharama na siku za kupokea sampuli. Omba wakupimie pH, yaani kiwango cha tindikali, na chumvi, vyote viwili, kwa udongo na kwa maji. Ukipata namba hizo niandikie, na utaje upana wa ua na saa ambazo jua linafika, nikupangie kipi kikae wapi kabla kipupwe hakijaingia.